Sifuti, Nasiriba

Nimefundisha watoto kusoma na kuandika kwa miaka thelathini na mitatu, na kosa kubwa kuliko yote maishani mwangu nililifanya baada ya kustaafu, kwa herufi moja. Ningependa alisimulie mwenyewe aliyekosewa, ila yeye haandiki. Yeye huchora ukutani. Basi itabidi mlisikie kutoka kwangu, na pale nitakapoanza kujitetea, msinisikilize sana.

Anaitwa Mwamini, lakini huku kwetu upande wa Likunja, wilayani Ruangwa, wengi humwita Binti Harithi, kwa jina la baba yake. Mimi ni Maximilian. Siku hizi hakuna anayelitumia jina hilo isipokuwa padri. Kwa wengine wote mimi ni Mwalimu.

Alizaliwa Naipingo, Nachingwea, mwaka wa sitini au karibu na hapo. Kwao kila mtoto wa kike alijifunza kusiriba nyumba kwa mama yake. Unachanganya udongo wa kichuguu na maji ya mlenda ili ushike, unaulowesha ukuta, kisha unapaka kwa kiganja mpaka nyufa zote zizibike. Ukishakauka kidogo unapamba, kwa vitone, pembetatu na mistari ya kwenda na kurudi. Mama yake alisifika kwa vitone. Mwamini naye angesifika kwa vitone kama si mwaka wa sabini na nne, watu walipotolewa mashambani na kupelekwa kwenye vijiji. Lori lilifika kwao asubuhi, uji uko jikoni. Walipakia vyungu, kuku na bibi yao mgonjwa, wakaondoka mlango umeachwa wazi. Mwezi mmoja baadaye, kwenye kibanda kipya, binti wa miaka kumi na minne alichora ukutani nyumba yao ya zamani na mlango wake wazi. Mama aliogopa, akataka picha ile ifutwe kabla kiongozi hajapita. Mzee Harithi alisema iachwe, maana hiyo ndiyo nyumba aliyobakiwa nayo.

Aliolewa huku kwetu na Yunusi, mkulima wa korosho na ufuta, na mwishoni mwa mwaka wa themanini na tisa wakajenga nyumba ya tofali mbichi. Ukuta wa mbele aliupaka udongo mweupe, kama watu wote. Kazi yake aliiweka kwenye ukuta wa uani, unaotazama jikoni. Kila mwaka, ufuta ukishatoka shambani na korosho hazijaanza kudondoka, aliulowesha ukuta ule, akasiriba juu ya picha za mwaka uliopita, akachora za mwaka huo. Wanawake wengine hukwangua kwanza udongo wa zamani. Yeye hakukwangua hata mara moja. Alipaka tabaka jembamba juu ya tabaka, na ukuta ukanenepa mwaka hadi mwaka, mpaka tukawa tunamtania kwamba ukuta wake una mimba.

Rangi nyekundu aliitoa kwenye kichuguu, nyeupe bondeni, na nyeusi kwenye jiwe laini linalong'aa, lililozagaa mashambani kwetu. Ukilishika linakuchafua vidole. Tulikuwa tukiliita jiwe la masizi. Wataalamu walipokuja walituambia jina lake ni kinywe na kwamba dunia nzima inalitaka, lakini hapo sijafika.

Mimi nilihamishiwa shule ya hapa mwaka wa themanini na saba. Nitasema nilivyokuwa nikimwona, maana aibu yake nimeshaizoea: nilimwona mwanamke asiyejua kusoma anayechafua ukuta. Watoto darasani walipochora picha za aina yake pembeni ya madaftari, niliwachapa. Nilifundisha historia kutoka kwenye kitabu, na kitabu hakikuwa na habari za Likunja wala Naipingo, kwa hiyo nami sikuwa nazo.

Mwaka wa tisini na tano, kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, alichora kitanda kimoja, mume na mke wamepeana migongo, kila mmoja ameshika bendera yake. Watu walikuja kutazama, wakacheka, kisha wakanyamaza. Ndoa tatu za kitongoji chetu zilikuwa zimevunjika mwaka ule kwa ajili ya vyama. Mwenyekiti wa kitongoji wa wakati huo alikasirika, akanituma mimi msomi wake nikamwambie aifute. Nilikwenda na sauti yangu ya darasani. Binti Harithi alikuwa anapepeta mahindi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema:

"Sifuti mimi, Mwalimu. Nasiriba."

Niliona ananichezea maneno, nikarudi nimenuna. Mwaka uliofuata kitanda kilikuwa kimefunikwa kwa udongo mpya, na mwenyekiti akadhani ameshinda.

Ndivyo alivyoendelea. Miaka ya ule ugonjwa uliomaliza vijana, alichora nyumba tano zenye bibi na wajukuu tu, hakuna mtu wa umri wa kati. Simu zilipoingia alichora mama amepanda juu ya kichuguu, mkono mmoja umeinua simu kutafuta mtandao na mwingine umeshika mtoto mgongoni. Umeme ulipofika alichora nguzo zinazopita juu ya nyumba bila kuzigusa, na kweli zilitupita miaka miwili kabla hatujaunganishiwa. Mwaka malori ya jeshi yalipokuja kubeba korosho aliyachora yote, na wakulima wamekaa juu ya magunia wakisubiri, nami nikajiona pale, maana nilikuwa na magunia sita. Kila aliyetaka kujua mwaka umetupitiaje alizunguka uani kwa Binti Harithi. Hata mimi nilikuwa nazunguka, ingawa nilijifanya nimekuja kumsalimia Yunusi.

Na kila mwaka, chini kabisa ya ukuta, kwenye kona iliyo karibu na jiko, palikuwa na umbo dogo, urefu wa kiganja, limefungwafungwa. Halikubadilika wala kuhama. Mimi nilidhani ni kifurushi. Nilipita mbele yake zaidi ya miaka thelathini bila kuuliza.

Sasa nifike kwenye kinywe. Mwaka jana, mwezi wa tatu, ilitangazwa kwamba eneo letu lote litachukuliwa na mgodi, na kila kaya itajengewa nyumba upande wa pili wa barabara. Walikuja watu wa tathmini kuorodhesha nyumba, miti na makaburi. Makaburi yalipewa orodha yake, kwa sababu yangehamishwa kwa heshima, kila moja na kiongozi wa dini yake. Aliyeongoza kazi alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, anaitwa Faith, mpole, mwenye kofia pana. Sina neno baya juu yake. Mimi niliombwa nitafsiri kwa wazee wanaojua Kimwera kuliko Kiswahili, na nijaze fomu wakati yeye akipima na kupiga picha.

Nyumba ya Binti Harithi ilikuwa ya kumi na mbili siku ile. Jua lilikuwa kali, miguu yangu imevimba, na nilitaka kwenda kulala. Faith aliuliza vyumba, akauliza mikorosho, kisha akafika kipengele cha mwisho.

"Mama, hapa kwako kuna kaburi la mtu yeyote?"

Binti Harithi aliinamisha macho, akaelekeza kidevu upande wa uani, akasema kwa sauti ndogo, "Amna."

Faith alinigeukia. Nami kwa majivuno ya mwalimu wa Kiswahili nikamweleza kwamba wazee wa huku hawana habari na herufi h. Husema abari, husema apana. "Anasema hamna," nikamaliza kwa sauti kubwa, na Binti Harithi akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika kwenye fomu, mbele ya neno makaburi: hamna. Aliweka dole gumba chini. Kijana wa rangi akachora alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa mbele na namba arobaini na saba, tukaondoka.

Mwezi wa sita makaburi yalihamishwa. Mwezi wa saba watu walianza kuhama. Mwezi wa nane alibaki mtu mmoja, Binti Harithi, na mwanawe Sadiki alikuja kwangu akiwa amechoka kabisa. Alisema mama haondoki, mashine zinakuja baada ya siku tisa, na sasa ameanza kusiriba. Watu walikuwa wameshaanza kusema amechanganyikiwa, kwa sababu ni nani anayesiriba nyumba inayokwenda kubomolewa. Sadiki alinipigia magoti nikaseme naye.

Nilimkuta ameshamaliza udongo, anachora. Mwaka huo alichora kitongoji kizima, kila nyumba na alama yake ya X, na katikati shimo jeusi alilolipaka kwa lile lile jiwe la masizi mpaka likang'aa. Pale chini kwenye kona umbo lake dogo lilikuwa limeshakaa mahali pake. Nilimweleza taratibu kwamba wote wamehama, walio hai na waliokufa, amebaki yeye peke yake. Aliosha mikono kwenye beseni.

"Waliokufa wote?"

Nikasema wote.

"Na Amna mlimchukua lini? Sikuona mtu anachimba."

Nilimuuliza Amna ni nani. Alinitazama akidhani namtania, na alipoona simtanii uso wake ulibadilika.

"Si nilikwambia siku ile, Mwalimu. Nikasema Amna, na wewe ukasema Amna, ukaandika."

Nimewahi kupigwa radi ya karibu nikiwa shambani, nikaamka mdomo umejaa udongo. Nilijisikia hivyo. Nilikaa kwenye kinu bila kuombwa nikae, na yeye akaendelea kusimama.

Amna alikuwa mtoto wake wa pili. Alizaliwa mwezi wa saba mwaka wa tisini, akapewa jina siku ya saba, akafa siku ya tisa. Kwa desturi ya wanawake wa kwao, kichanga ambaye kitovu chake hakijapona hapelekwi makaburini wala hakaliwi matanga. Wanawake humzika chini ya upenu wa nyumba, karibu na jiko, ili asipate baridi, na jina lake halitajwi tena mbele za watu. Ndiyo maana mimi niliyekuwa naishi mita mia mbili kutoka pale sikujua. Mwezi mmoja baadaye ulipofika wakati wa kusiriba, alimchora. Hakuruhusiwa kumtaja, lakini hakuna aliyemkataza kumchora. Kile nilichokiona kifurushi kilikuwa mtoto amefungwa kanga. Na siku ya Faith, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa tisini, alilitaja jina lile mbele ya wageni, na mimi nikamsahihishia matamshi.

Alisema ataondoka siku Amna atakapoondoka. Kama mashine itakuja kabla, naye imkute pale pale. Hakusema kwa hasira, na nilimwamini.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mradi mjini Ruangwa. Nilieleza kosa langu lote kwa Faith. Alisikitika, nikaona kweli amesikitika, lakini akanionyesha faili. Orodha ilikuwa imefungwa, na baada ya kufungwa yalikuwa yamezuka marundo kumi na manne ya udongo ambayo watu, kwa tamaa ya fidia, waliapa ni makaburi, yakachimbwa, yakakutwa matupu. Fomu ya Binti Harithi ina dole gumba lake na mwandiko wangu. Aliniambia nilete ushahidi usiokuwa maneno matupu, naye atakuja mwenyewe.

Nilipanda bodaboda mpaka Lionja, Nachingwea, kwa Biasha, dada yake Yunusi, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliomzika mtoto. Nilikuta bibi kizee anamenya mihogo. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza. Kisha akasema hayo si mambo ya wanaume, akarudi kwenye mihogo yake. Nilimbembeleza mpaka nikaona haya mwenyewe. Nilirudi Likunja mikono mitupu, zimebaki siku nne.

Nilipomweleza Binti Harithi, hakushangaa. Aliugeukia ukuta wake, akauwekea kiganja.

"Ushahidi upo," alisema. "Ila itabidi niukate."

Alilia aliposema hivyo. Sikuwahi kumwona akilia, hata Yunusi alipokufa. Miaka hamsini mwanamke huyu hakuwa amekwangua hata ukucha wa kazi yake.

Siku ya kuukata walikuja Faith, mwenyekiti wa sasa, Shehe Abdulatifu na Sadiki. Tulipoanza kupanga viti tukasikia pikipiki, na Biasha akashuka, jembe dogo mkononi, hakunisalimia. Alikwenda kusimama na wifi yake.

Binti Harithi alitandika mkeka. Akaulowesha ukuta pale kwenye kona, akachukua kisu cha jikoni, akakata mraba wenye ukubwa wa sinia. Tabaka la juu lilibanduka zima, kwa sababu rangi ya chini hailishiki sana. Alililaza kwenye mkeka. Chini yake, mahali pale pale, alikuwepo mtoto mwingine amefungwa kanga. Akalowesha, akakata, akabandua. Mtoto tena. Faith alipiga picha kila tabaka na kuhesabu kwa sauti, na Binti Harithi alitaja kila mwaka bila kusita, kwa kuwa kando ya mtoto palikuwa na ncha ya picha ya mwaka wenyewe. Palikuwa na wanawake wenye barakoa wamekaa mbali mbali msibani. Palikuwa na gurudumu la lori la jeshi, kitako cha nguzo ya umeme, na ule mguu wa mama juu ya kichuguu. Vipande vingine vilivunjika mikononi mwake, na kila kilipovunjika alikikusanya hivyo hivyo akakiweka kwenye mkeka.

Alipofika karibu na tabaka la ishirini na moja, Faith aliangalia daftari lake, akamsimamisha kwa upole. Akasema hesabu imepishana. Kila mwaka ulipaswa kuwa na tabaka lake, lakini hapa mama ametaja mwaka wa elfu mbili na mbili baada ya elfu mbili na nne. Wa elfu mbili na tatu uko wapi? Niliona orodha inafungwa tena.

Binti Harithi alisema hakuna.

"Mwaka huo sikusiriba. Nilikuwa eda."

Shehe Abdulatifu ndiye aliyelisalia jeneza la Yunusi. Alisema kwamba Yunusi alikufa mwezi wa saba mwaka wa elfu mbili na tatu, na mjane wake alikaa ndani miezi minne na siku kumi mpaka mvua zikaanza. Kijiji kizima kinajua, na jina liko kwenye daftari la msikiti. Faith alivua kofia yake, akaikunja mikononi. Alisema mtu anayetunga uongo asingekumbuka kuacha mwaka. Alitaka kusimamisha kazi pale, akasema inatosha, ameridhika. Lakini Binti Harithi alikataa. Alisema ameshaanza kukata, basi atafika.

Akaendelea kushuka. Kwenye tabaka la tisini na tano ulionekana mguu wa kitanda, nikainamisha kichwa. Kwenye lililofuata kitu kilibadilika. Watoto wote tuliokwisha kuwaona hawakuwa na uso, palikuwa na duara tupu. Huyu alikuwa na alama mbili hafifu za macho. Aliyemfuata alikuwa na macho na mdomo. Kadiri alivyoshuka ndivyo uso ulivyozidi kuja, na nikaelewa, na nadhani wote tulielewa, kwamba sura ilikuwa imemtoka mama huyu pole pole, na baada ya miaka mitano haikurudi tena. Miaka yote iliyofuata alichora kanga tu, kwa kuwa hakutaka kuzua uso usiokuwa wa mwanawe.

Tabaka la mwisho lilikuwa la mwaka wa tisini. Alilisafisha kwa upindo wa kanga yake. Mtoto alikuwa na nyusi, pua pana kidogo na kidevu chenye kishimo. Binti Harithi alikaa chini kwenye udongo.

"Kumbe alifanana na Yunusi," alisema.

Biasha alikaa kando yake, akamshika. Sadiki, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikwenda nyuma ya jiko na hakurudi kwa muda. Mimi nilibaki nimesimama na kalamu yangu mkononi.

Wanaume tuliondoka pale, wanawake wakachimba. Faith walimwacha akae, kwa sababu ni mwanamke. Alituambia baadaye kwamba walifika urefu wa mkono, wakakuta udongo mweusi kuliko uliouzunguka, na ndani yake shanga nne nyeupe za kiunoni. Hapakuwa na kitu kingine, na Shehe akasema hapakupaswa kuwa na kingine baada ya muda wote huo. Udongo ule uliwekwa kwenye sanda pamoja na shanga. Alasiri ile ile ulizikwa kwenye makaburi mapya, ubavuni kwa Yunusi, Amna akasomewa dua kwa jina lake, na mara hii kila mtu alilisikia.

Kabla ya hapo Faith alinipa ile fomu ya zamani nirekebishe. Niliiweka juu ya goti. Nilikata h, nikaiandika a kwa herufi kubwa, na mbele yake nikaongeza Yunusi. Nikatia sahihi pembeni. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nyumba ilibomolewa siku ya tisa. Binti Harithi hakwenda kutazama. Alikuwa amevitia vile vipande vya kwenye mkeka ndani ya viroba viwili, na tabaka la chini kabisa, lile lenye uso, halikubanduka, likabaki na tofali lake. Sadiki alilitoa tofali hilo kabla mashine hazijafika. Sasa liko chumbani kwa mama yake, ndani ya kanga.

Nyumba mpya ni ya tofali za saruji, imepigwa lipu laini. Mwaka huu wakati ulipofika alisiriba ukuta wa uani, na kesho yake udongo wote ulikuwa chini. Udongo haushiki kwenye saruji. Alirudia, ukaanguka. Mara ya tatu alichukua panga na kuanza kuichokoa lipu ya watu, ukuta mzima, kishimo baada ya kishimo, huku Sadiki akimsihi kwamba nyumba ina mwaka mmoja tu. Aliichokoa siku tatu. Kisha akavitwanga vile vipande vya viroba kwenye kinu, vyote isipokuwa vichache, akavichanganya na udongo wa kichuguu na mlenda, akasiriba. Safari hii ulishika.

Alinitumia salamu kwamba amemaliza, nije. Nilikwenda siku ya Jumapili baada ya misa. Ukutani palikuwa na barabara mpya, malori yenye vumbi jeusi, na makaburi kwa mistari iliyonyooka kama madawati. Kwenye kona ya chini, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na mtoto. Badala yake, mahali pale pale, palikuwa na mzee mwembamba amekaa, miwani usoni, kalamu mkononi, karatasi juu ya goti. Alinipatia vizuri, hata ule mshipa wa shingoni. Niliinama nitazame kwa karibu. Upande wa kushoto wa kichwa palikuwa patupu, na upande wa kulia palikuwa patupu. Hakunichora masikio.

Nilikaa hapo nikimtazama mtu yule mpaka Binti Harithi akaniletea chai. Nilimuuliza tu kama mwakani atanifuta.

"Sifuti mimi, Mwalimu," alisema. "Nasiriba."